Usiache Kuchekesha kwa Sababu ya Usiku Mmoja

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, akapewa dakika tano, na hakucheka mtu. Akaniuliza: "Kaka, niache?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, na kila mara kifua kimenibana, kwa sababu nami nilianza hivyohivyo.

Usiku wangu wa kwanza nilipanda na vichekesho vya dakika saba. Nilikuwa nimevikariri kama shairi, nikavimaliza vyote kwa dakika tatu. Nilikuwa nakimbia. Mtu akianza kutabasamu, mimi nimeshafika kichekesho kingine. Niliposhuka, mshereheshaji alichukua maiki akawaambia watu, "Tuvumiliane, jamani." Hapo ndipo ukumbi ulipoangua kicheko, kikubwa kuliko vyote vya usiku ule. Miaka 11 imepita na bado nakisikia. Sijui kama nimeshamsamehe. Mwenye kushika maiki ana wajibu wa kumsitiri anayejifunza, na wewe siku ukiwa mshereheshaji, tafadhali usimfanyie mtu hivyo.

Miaka miwili iliyofuata nilipanda, nikashuka, nikapanda tena. Kilichonibadilisha ni kurekodi. Niliweka simu mfukoni, nikarekodi kila onyesho, na kila asubuhi nikajilazimisha kusikiliza, hata pale nilipotamani kuizima.

Nilikuwa na kisa cha baba akinifundisha kuendesha gari. Nilikisema hivi: "Baba alishika mlango na kuanza kusali pale aliponiona nakanyaga breki kwa nguvu." Kwenye rekodi nikasikia watu wanaanza kucheka kwenye "kusali", kisha mimi mwenyewe nawazima kwa maneno yaliyobaki. Nikageuza: "Nikakanyaga breki. Baba akashika mlango, akaanza kusali." Halafu nikanyamaza. Neno linalochekesha likae mwisho, na baada yake ufunge mdomo. Hilo hakuna aliyenifundisha. Nililisikia kwa masikio yangu.

Usidhani wakubwa walizaliwa wanajua. Phyllis Diller, mchekeshaji wa Marekani, alianza mwaka 1955 akiwa na miaka 37, na vichekesho vyake aliviandika kwenye kadi, zaidi ya 50,000, akavipanga kwa mada kwenye kabati la chuma. Kabati hilo sasa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Richard Pryor, mchekeshaji mwingine wa huko, naye mwaka 1967 aliacha onyesho Las Vegas akaondoka jukwaani, ilhali alikuwa tayari na jina. Alichoka kuchekesha kwa mtindo usio wake. Aliporudi na maisha yake mwenyewe, machungu yake yote, ndipo akawa yule Pryor tunayemjua.

Kwa hiyo rekodi. Sikiliza. Usiseme hadhira ilikuwa mbaya, maana huenda hadhira hiyohiyo ilichekeshwa na aliyepanda kabla yako. Usiibe kichekesho cha mwenzako hata kama amekaa nacho mwaka mzima bila kukitumia. Mimi niliibiwa kimoja, nikakaa nyuma ya ukumbi nikisikia watu wanashangilia maneno niliyoyaandika mimi, na maumivu yake simtakii mtu. Andika kila siku. Na urekodi, narudia, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyetoka jukwaani haiaminiki: ukiumia unakumbuka kimya tu, ukifurahi unakumbuka kicheko tu.

Mwezi uliopita nimefanya onyesho langu la kwanza la saa nzima, peke yangu, viti vyote vimejaa. Najivunia, na sioni haya kusema. Nilipofika kwenye kisa cha gari, baba alikuwa safu ya tatu. Nikasema "akaanza kusali", nikanyamaza, na katikati ya kelele zile nikaitambua sauti yake.

Sasa mdogo wangu, kama ulirekodi usiku ule, nitumie tuusikilize pamoja. Kama hukurekodi, omba dakika nyingine tano wiki hii, kisha nitumie hizo.