Nimefanywa mweka hazina wa kamati ya kampeni Texas, nianzie wapi?

Swali: Habari mhasibu, mimi niko Houston, kuna kaka yetu anagombea Bunge la jimbo la Texas na sisi tumesajili kamati ya kumuunga mkono, mimi ndo mweka hazina. Watu wanataka kuchanga kwenye grupu la WhatsApp kama tunavyochangia harusi, mmoja akusanye kisha anitumie kwa mkupuo. Na binamu yake Nairobi naye anataka kutuma. Kuna ubaya?

Jibu: Salama dada. Hiyo ya mmoja kukusanya ndo ingeniweka macho usiku. Kwenye harusi hakuna anayejali elfu moja imetoka kwa nani ilimradi ukumbi umelipwa, ila huku sheria inakataza mtu kutoa mchango kwa jina lake huku pesa ni ya mwingine. Sasa watu 20 wakimpa Mama fulani dola 50 kila mmoja naye akakutumia 1,000 kwa jina lake, kwenye vitabu hapo kuna mchangiaji mmoja wakati ukweli wako 20. Kila mtu atume mwenyewe, upate jina kamili, anwani, tarehe na kiasi. Keshi usipokee zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja ndani ya kipindi kimoja cha ripoti ya michango na matumizi, mi nakushauri hata hizo uzikatae, cheki na kadi zinajieleza zenyewe.

Binamu wa Nairobi, kama si raia wa Marekani na hana grinikadi, hapana, hata dola 5. Hiyo ni sheria ya taifa zima na inagusa chaguzi zote mpaka za mtaa. Kujitolea bila malipo anaweza, apige simu huko aombee watu kura, lakini asiwaamulie pesa zitumikeje.

Watu wanashangaa wakisikia Texas haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea wa bunge la jimbo, maana kwa Congress, yaani bunge la taifa, kipo, dola 3,500 kwa kila uchaguzi msimu huu wa 2025-26. Basi wanadhani ni shamba la bibi. Sivyo, koporesheni (kampuni iliyosajiliwa) haiwezi kumchangia mgombea, hata iwe ya shemeji yake mwenye malori.

Halafu hili wengi hawalijui: mgombea akiendesha hesabu zake mwenyewe, ripoti ni jukumu lake, mweka hazina ni jina tu. Ila nyie mmesajili kamati, kwa hiyo wa kuwasilisha ni wewe, na faini inakufuata wewe. Ripoti ya siku 8 kabla ya uchaguzi ikichelewa ni dola 500 siku ya kwanza na 100 kila siku inayofuata, mpaka 10,000. Weka alamu kwenye simu leo.

Matumizi nayo, mabango, mafuta, pilau ya mkutano ni sawa ukiwa na risiti (na mtu akitoa pilau bure thamani yake ni mchango, iandike), ila kodi ya nyumba ya mgombea usiiguse.