Aanze Lini, Aanzie Wapi: Maswali Yenu Kuhusu Kufundisha Watoto Kuogelea

Likizo ya Agosti inabisha hodi, na simu yangu imejaa ujumbe wa wazazi wanaotafuta pa kuwapeleka watoto wakajifunze kuogelea. Nimechagua maswali manane. Mengine nimeyajibu kwa maneno machache kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine yamenikalisha.

Mwanangu ana miaka mitatu. Jirani ananiambia nisubiri kwanza aanze darasa la kwanza. Mwalimu, wasemaje? – Mama wa mmoja, Bamburi

Usisubiri. Akishatimiza mwaka mmoja, mtoto anaweza kuzoeshwa maji akiwa na mzazi ndani ya bwawa. Mafunzo yenyewe, ya kumsikiliza mwalimu na kufuata hatua, watoto wengi huwa tayari kwayo wakifika miaka minne. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao hawakuwa wametimiza miaka mitano. Watoto wa umri huo si lazima wafike baharini. Pipa la maji ya mgao nyuma ya nyumba linatosha, ndoo inatosha, kisima kisicho na kifuniko kinatosha. Kwa hiyo funika mapipa leo, kabla hujalipa ada popote.

Na akishajifunza, bado ukae karibu naye kiasi cha kumgusa ukinyoosha mkono. Hakuna somo linalomfanya mtoto wa miaka mitatu asizame.

Mjomba wake alimtupa majini pale ufuo wa Pirates ili "azoee". Tangu siku hiyo mtoto, miaka sita, hata kumwagiwa maji kichwani anakataa. Nifanyeje? – Mama, Mikindani

Pole, mama, na mpe pole mtoto. "Mtupe tu, atajua mwenyewe" ndivyo wengi wetu Mombasa tulivyofundishwa, na waliofunzika ndio wanaotusimulia leo. Wasiofunzika hatuna wa kutusimulia.

Anzia nyumbani, kwenye beseni. Mpe kikombe ajimwagie mwenyewe: begani, kisha shingoni, kisha utosini siku atakayotaka yeye. Mfundishe kupuliza mapovu mdomo ukiwa majini. Usimwite mwoga wala usimwahidi baiskeli. Akifika bwawani, mwambie mwalimu yaliyompata, na umwombe mbele ya mtoto aahidi kwamba hatamwachia mkono bila kumwambia. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, mnarudi mwanzo.

Nilipata kuwa na binti wa miaka saba aliyenikaba shingo siku nne mfululizo. Siku ya tano alikubali nimlaze chali, kiganja changu kimoja chini ya kisogo, kingine chini ya mgongo. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba masikio yatazama na dunia itanyamaza, asikie pumzi yake tu, na kwamba kazi yake ni kuhesabu makuti ya mnazi ulio kando ya ukuta. Akahesabu. Alipofika kumi na moja nikaondoa kiganja cha mgongoni. Kisogoni nikabakisha vidole viwili, kisha kimoja, halafu nikavitoa vyote na kumwonyesha juu ya uso wake. Alivitazama vidole, akanitazama mimi, na tumbo lake halikushuka. Mwaka huo hakujifunza mtindo wowote, na mimi niliridhika kabisa. Mtoto anayeweza kulala juu ya maji ana muda wa kupumua, na mwenye muda wa kupumua ana muda wa kuitiwa msaada.

Shule za kuogelea zimekuwa nyingi mjini na kila moja yasema ndiyo bora. Nitazame nini? – Baba, Kizingo

Nenda siku ya somo bila mtoto, ukae kando utazame. Kwanza maji. Simama upande wenye kina kirefu: je, unakiona wazi kile kifuniko cha tundu la kutolea maji sakafuni? Kama hukioni, basi na mtoto aliyezama hataonekana, na hapo pa kuondoka. Harufu kali ya klorini inayochoma macho isikupumbaze ukadhani ndiyo usafi. Harufu ile hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, kwa hiyo shule inayowaogesha watoto kwanza kabla ya kuingia bwawani inajua inachofanya.

Halafu hesabu vichwa. Wanaoanza wakiwa wadogo, watoto wanne kwa mwalimu mmoja wanatosha, naye awe ndani ya maji pamoja nao. Mwalimu aliyesimama nje na simu mkononi hafundishi. Uliza pia nani anayeangalia bwawa zima wakati mwalimu ameshughulika na mmoja, na kama wamefundishwa huduma ya kwanza.

Bei nayo ina hesabu yake. Somo la saa nzima la bei nafuu, watoto kumi na wawili, mwalimu mmoja: toa dakika kumi za kujipanga na kutulizana, kila mtoto anabakiwa na dakika nne hivi za mwalimu. Somo la nusu saa lenye watoto watatu linaweza kuonekana ghali kumbe ndilo rahisi.

Uliza wanaanza na nini. Wakikujibu kwamba kwa mwezi mmoja mtoto atakuwa anapiga mtindo huru na kupewa medali, endelea kutafuta. Unataka kusikia: kupumua, kuelea, kugeuka chali, kurudi ukingoni na kutoka mwenyewe.

La mwisho silisemi kwa sauti ndogo. Kazi hii ni ya kumshika mtoto mwilini. Shule njema humweleza mzazi na mtoto mwalimu atashika wapi na kwa nini, humwacha mzazi aketi mahali anapoona, na haina masomo ya faragha ya mtu na mtoto peke yao. Ukikatazwa kutazama, mchukue mwanao mwende zenu.

Tunapanga kwenda kuogelea hotelini. Nimenunua maboya ya kupuliza ya mikononi. Nikimvisha na kukaa kando, si yatosha? – Mama, Changamwe

Hayatoshi, dada yangu. Maboya yale humsimamisha mtoto wima, na wima ndiyo hali ya mtu anayezama. Pia humpa ujasiri ambao si wake: siku yakivuliwa, anaruka vilevile.

Kuhusu kukaa kando, nikusimulie. Sikukuu moja ya Idi ukoo wetu ulikuwa hotelini, watu wazima tisa tumezunguka bwawa kwenye viti, sahani za biriani mapajani. Mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Hakupiga kelele. Hakupunga mkono. Kichwa kilikuwa kimeinama nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, unafunguka na kufunga, mikono imetandazwa pembeni ikisukuma maji chini. Nilidhani anacheza, mimi mwenye kufundisha watoto kuogelea. Kilichonishtua ni macho: hayakuwa yakitazama kitu. Nikaruka na nguo zangu.

Tumelelewa na methali kwamba mfa maji haishi kutapatapa, basi tunangoja kuona kutapatapa. Mtoto anayezama mara nyingi yuko kimya, maana mdomo unaotafuta hewa hauna pumzi ya kuita, na huweza kwenda chini katika muda usiofika dakika moja. Wekeni zamu: mtu mmoja, robo saa, bila simu, bila sahani, jina lake litajwe kwa sauti. Watu tisa wakitazama pamoja, hatazami mtu.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Baba yake hapendi ajifunze pamoja na wavulana, na mavazi pia yanatutatiza. – Mama, Kibokoni

Tafuteni mwalimu wa kike na saa za wanawake. Shule kadhaa hukubali mkipeleka kikundi, basi zungumza na wenzako wa madrasa mkafika watano au sita. Vazi liwe burkini, yaani vazi la kuogelea linalositiri mwili mzima, la kitambaa kinachobana kiasi na kukauka haraka. Buibui, dera na suruali ya jinzi hunywa maji na kumvuta mtoto chini. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri hivyo hivyo. Mwambie baba yake, kwa heshima, kwamba binti naye hupanda mashua na feri.

Kijana wangu anaogelea na wenzake Tudor tangu mdogo. Sisi ni watu wa pwani, masomo ya nini? – Baba, Tudor

Mzee wangu, anayajua maji ya Tudor. Hilo ni jema, na watoto wengi wa bwawani hawana ujuzi huo. Lakini mpime: anaweza kuelea chali dakika mbili bila kushika kitu? Anaweza kugeuka majini akarudi alikotoka amechoka? Anajua la kufanya mkondo ukimbeba?

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hushuka zaidi ya mita tatu kwa saa sita hivi. Maji yote hayo hutafuta pa kupitia, nayo hupita kwa nguvu kwenye milango ya mwamba na midomo ya hori. Kijana hodari huchoka akipigana nayo uso kwa uso. Afundishwe kulala chali, apunge mkono, aachie mkondo umbebe hadi ulegee, kisha akate maji kwa upande sambamba na ufuo. Ajizoeshe bwawani kwanza, maana Agosti ni kusi na bahari haina subira. Masomo ya baharini yangojee kaskazi itulie.

Mtoto akitolewa majini amezimia, ni kweli ainamishwe kichwa chini maji yatoke? – Dada, Majengo

Si kweli, na nakuomba uwaambie na majirani. Yale maji yanayomwagika hutoka tumboni, na akitapika anaweza kupaliwa. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, tazama kama anapumua, usizidishe sekunde 10. Kama hapumui, mbane pua umpulizie mdomoni pumzi 5 huku kifua kikipanda. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akipiga 999 au 112. Akizinduka bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu pumzi inaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Na ukimwona mtu anazama nawe si muogeleaji hodari, usijitupe. Mrushie mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko, au lala kifudifudi ukingoni umnyooshee leso.

Mimi navuka feri kila siku na sijui kuogelea. Nina miaka thelathini na minane. Naona haya kujifunza na mwanangu. – Mama, Likoni

Hujachelewa hata kidogo. Mimi ninapovuka hufikiria feri iliyopinduka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, karibu na nchi kavu. Sisemi kila mmoja angeokoka kama angejua kuogelea, maana chombo kikipinduka na umati namna ile mengi hutokea. Lakini unavuka kila siku, na ni haki yako kujua kuelea.

Andikisheni majina pamoja. Watu wazima huelea kwa urahisi kuliko watoto wembamba, shida yetu ni shingo tunayoikaza. Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na siku ya kwanza mwache mwanao ndiye akushike kisogo.