Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya chanjo hapa Goma

Mapema kabisa mtasikia mabishano: takwimu na mazungumzo ya mtaani, kipi kina uzito? Msiingie humo. Ulizeni kwanza uamuzi uliopo mezani unasubiri jibu gani.

Chukueni chanjo ya Ebola, rVSV-ZEBOV. Kwamba inakinga, tulijua kutoka Guinea, 2015. Watu waliomkaribia mgonjwa, pamoja na waliowakaribia hao, walihesabiwa kama duara moja. Kwa kura, maduara mengine yalichanjwa mara moja, mengine baada ya siku 21. Kuanzia siku ya kumi baada ya kura, hakuna aliyechanjwa bila kungojeshwa aliyeugua. Kura ndiyo iliyotupa uhakika huo, na hakuna mahojiano ambayo yangeweza kuutoa.

Ila duara linaanza na orodha ya majina, na jina hutajwa na mtu anayekuamini. Septemba 2018, wakati wa mlipuko wa Ebola hapa Kivu Kaskazini, watu 961 wa Beni na Butembo waliulizwa maswali: karibu robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo, na waliowaamini viongozi wa mahali hawakufika theluthi. Hapo ukichukua matokeo ya Guinea peke yake, una dawa nzuri na orodha yenye matundu. Wala msiite hali hiyo ujinga, tafadhali. Watu walikuwa wanachinjwa Beni, na kufikia Januari 2020 surua ilikuwa imeua zaidi ya 6,000 nchini. Kuuliza kwa nini fedha zote zinakimbilia Ebola ni swali la haki.

Mei 2019 wataalamu wanaoishauri OMS, Shirika la Afya Duniani, walipendekeza duara lipanuliwe, na pale usalama unapozuia kuwafuatilia watu, mtaa mzima uchanjwe. Ushauri huo haukutoka kwenye jaribio moja. Ulihitaji pia hesabu za wagonjwa wapya na habari za timu zilizoshindwa kufika.

Kwa hiyo fuataneni na reko, mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa, hadi mlangoni. Mtu akikataa, andikeni maneno yake kama alivyoyasema. Mkiandika tu “amekataa”, mmepoteza sababu, na anayepanga kampeni ijayo hatajua arekebishe nini: saa, mahali, au yule anayebeba sindano.