Skana inaonekana kwenye Windows lakini programu haiioni

Mkuu, nimekuelewa: skana inafanya kazi vizuri kwenye Windows Scan, ila programu yako mpya ya kutunza nyaraka haiioni kabisa. Usikimbilie kununua nyingine, hiyo ni nzima.

Kwenye Windows programu huongea na skana kwa njia kuu mbili: TWAIN, iliyotoka 1992, na WIA ya Microsoft. Windows Scan hutumia WIA. Programu nyingi za nyaraka hutafuta TWAIN. Wengi hukwama hapa: programu ya biti 64 haiwezi kupakia draiva (programu inayoiunganisha skana na kompyuta) ya TWAIN ya biti 32. Fungua C:\Windows. Ukikuta draiva yako iko kwenye folda ya twain_32 tu, na twain_64 haina kitu, tatizo ndilo hilo.

Weka toleo la biti 32 la programu hiyo. Kama halipo, chagua WIA kwenye mipangilio, au skani kwa NAPS2, programu ya kuskani ya bure, kisha uingize PDF kwenye programu yako ya nyaraka. WIA wakati mwingine hukunyima baadhi ya mipangilio ya draiva, kwa hiyo jaribu karatasi moja, pande zote mbili, kabla ya kuanza rundo zima.

Draiva ishushe kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Kama kompyuta ni ya ofisi, mwachie mtu wa IT.