Maswali Yenu Kuhusu Mgodi wa Ngwenya

Wengi mmeuliza kuhusu Ngwenya, mgodi wa chuma uliofungwa kaskazini-magharibi mwa Eswatini, karibu na mpaka wa Afrika Kusini. Nayajibu niliyoweza.

Ni kweli ndio mgodi mkongwe kuliko yote duniani?

Ni miongoni mwa migodi mikongwe kabisa inayojulikana. Katika miaka ya 1960, watafiti Raymond Dart na Peter Beaumont waliuchunguza, na makaa ya kuni yaliyofukuliwa humo, yalipopimwa kwa kaboni, yakaonyesha umri wa zaidi ya miaka 40,000. Sehemu hiyo ya kale huitwa Pango la Simba.

Miaka 40,000 iliyopita nani alikuwa akifua chuma?

Hakuna! Hapa ndipo wengi hujikwaa. Waliochimba walitafuta ngeu, ule unga mwekundu wa hematiti, jiwe lenye chuma, wajipake mwilini na kuchorea. Walikuwa na zana za mawe tu, wakigongagonga mwamba mpaka umeguke. Kuyeyusha jiwe hilohilo tanuruni kulikuja baadaye sana, wahunzi wa Kibantu walipofika na mivukuto yao. Kwa hiyo jiwe ni moja, kazi mbili: rangi kwanza, jembe baadaye. Binafsi hiyo ya rangi ndiyo inayonishangaza zaidi.

Jina lina maana gani?

Mamba. Ukiutazama mlima kwa mbali, utamwona amelala.

Mgodi wa kisasa ulidumu muda gani?

Muda mfupi mno. Ulianza 1964, Waingereza wakiwa bado wanatawala, na ukafungwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mteja mkubwa alikuwa Japani. Nchi haina bahari, hivyo ikajengwa reli hadi mpaka wa Msumbiji ili mawe yafike bandari ya Lourenço Marques, Maputo ya leo. Madini bora yalipopungua, kazi ikasimama. Kipande cha reli cha kupanda mgodini kikafa, lakini cha upande wa mashariki bado kinabeba mizigo mingine.

Nilisikia ulifunguliwa tena?

Ndiyo, 2011. Safari hii yalisafishwa upya mabaki yaliyorundikwa zamani, yaliyokuwa bado na chuma cha kutosha kuuzwa. Bei ya chuma duniani iliporomoka 2014, na wachimbaji wakafunga virago mwaka huohuo.