Kabla Hujarudi Benchi, Jiulize Kuhusu Jumanne

Jana jioni nilikuwa mwalo wa Kirumba hapa Mwanza nachagua sato wa kupeleka nyumbani, simu ikaita. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa Musoma, mdogo wangu kwa umri, tuliyesoma naye kozi moja ya ukocha miaka ile. Hata salamu hakuikamilisha. "Kaka, kuna timu ya Championship inanitaka. Mwenyekiti anataka jibu Jumatatu, na mimi nilishawatangazia watu kwamba nimestaafu. Nirudi au nitulie?"

Championship ni ligi iliyo daraja moja chini ya Ligi Kuu yetu. Wapakiaji walikuwa wanapiga kelele, nikamwambia nitamjibu vizuri nikitulia. Jibu lenyewe ni hili. Naliandika hadharani kwa sababu yeye ni wa tatu mwaka huu kuniuliza swali hilo, na kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kulijibu vibaya.

Nilipoacha mara ya kwanza nilikuwa na miaka 57. Niliwaaga wachezaji kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale CCM Kirumba baada ya mechi ya mwisho ya msimu, nikarudi nyumbani Nyakato filimbi ikiwa bado mfukoni. Wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nililala mpaka saa mbili asubuhi. Nilimalizia ukuta wa uani ambao ulikuwa umeishia kwenye msingi kwa miaka minne. Halafu simu ikanyamaza.

Asiyewahi kuongoza timu hawezi kuujua ukimya ule. Ukiwa kazini, simu inaanza alfajiri: meneja wa timu anauliza habari ya basi, mama wa mchezaji anauliza habari za mwanawe, mwandishi anataka kikosi, kiongozi anataka kujua kwa nini kijana wake hachezi. Unaichukia hiyo simu. Lakini ikiacha kuita unaanza kuiweka mezani kioo kikiwa juu, ili uione ikiwaka.

Nikaanza kushinda kijiwe cha kahawa. Walinipokea kwa heshima, wakanipisha kiti kila nilipofika. Siku moja kijana akanitambulisha kwa mgeni wake: "Huyu mzee ni kocha wa zamani." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini hilo neno "zamani" nililala nalo usiku ule, na nikaamka nalo. Wazee wenzangu wakanipoza kwamba ng'ombe hazeeki maini, nami nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia maneno kama hayo.

Mwezi wa tano tangu niache, ikanipigia timu ya mkoa mwingine. Nilisema ndiyo kabla kiongozi hajamaliza kutaja mshahara. Nilidumu mechi tisa. Mshahara wa miezi miwili sijaupata mpaka leo, ila si huo ulioniondoa.

Kilichoniondoa ni beki wa kushoto, kijana wa miaka 20. Baada ya mazoezi ya Jumanne alinifuata akasema, "Mwalimu, naomba unionyeshe nisimame wapi winga wao akiingia ndani, kila mechi ananipita." Nikamwambia kesho. Kesho yake akaja tena, nikamwambia kesho. Siku ya tatu alibaki peke yake pembeni ya uwanja ameshika mpira, ananitazama, nami nikapanda kwenye gari. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Usiku ule sikujidanganya tena. Nilikuwa nimerudi kwa ajili ya siku ya mechi: ngoma za jukwaani, kupeana mkono na kocha wa upande wa pili, kuitwa mwalimu na uwanja mzima. Hayo yote ni dakika 90, na wiki ina siku saba. Aliyekuwa ananihitaji kweli alikuwa yule kijana wa Jumanne, na kwake sikuwa na kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usijiulize kama bado unaupenda mpira. Utaupenda mpaka unaingia kaburini. Jiulize unachokikumbuka ni nini hasa. Ukifumba macho ukaona jukwaa limejaa, subiri kwanza. Ukiona koni, vizibao vilivyolowa jasho, na kijana aliyekosea jambo lilelile mara kumi na wewe bado una hamu ya kumwonyesha mara ya kumi na moja, hapo tunaweza kuongea.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na ndio unaoniuma zaidi. Bill Shankly wa Liverpool alijiuzulu Julai 1974, wiki chache baada ya kubeba Kombe la FA, akiwa na miaka 60. Alisema amechoka, na watu hawakuamini. Lakini asubuhi aliendelea kwenda Melwood, uwanja wao wa mazoezi. Wachezaji waliendelea kumwita bosi wakati bosi sasa alikuwa Bob Paisley. Mwishowe hali ile ikawa ngumu kwa kila mtu, uhusiano wake na klabu ukapoa, na alifariki 1981 akiwa bado na lile jeraha. Angalia alikokuwa anakwenda. Mechi angeweza kuzitazama akiwa jukwaani. Miguu yake ilimpeleka mazoezini. Yule alikuwa mtu wa Jumanne aliyeacha kazi wakati alichohitaji ni kupumzika, na hakuwepo mtu wa kumwambia kwamba hayo ni mambo mawili.

Huku ziwani tofauti hiyo tunaifahamu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Siku hizo wanavuta mitumbwi ufukweni, wanashona nyavu, wanalala na familia zao. Sijawahi kusikia mtu akisema fulani ameacha uvuvi kwa sababu ya mbalamwezi. Giza likirudi wanaingia majini. Pep Guardiola alipotoka Barcelona 2012 alikaa New York msimu mzima bila timu, kisha akaenda Bayern Munich. Hakutangaza kustaafu. Wewe ulitangaza mbele ya redio, na sasa nusu ya wasiwasi wako ni kwamba watu watasema umemeza matapishi yako. Watasema, ndiyo, kwa muda wa wiki moja. Usipange miaka yako kwa kufuata maneno ya wiki moja. Ila siku nyingine ukichoka, sema "napumzika", inatosha.

Mara ya pili nilipokuwa nje, nilifanya jambo ambalo naomba nawe ulifanye. Kwa wiki sita nilikuwa nakwenda uwanja wa Nyamagana asubuhi, siku za katikati ya wiki, kutazama vijana wa mtaani na timu ndogo wakijifua kwenye zile nyasi bandia. Sikumwambia mtu mimi ni nani. Nilikaa nyuma ya goli na daftari. Wiki mbili za kwanza nilitazama tu, nikachoka, nikaondoka mapema. Wiki ya tatu sikwenda kabisa, nilikuwa na mafua. Wiki ya nne nikajikuta nachora: mabeki wanne, duara, mshale, zoezi la kumfundisha beki wa pembeni kufunga njia ya ndani. Lilikuwa zoezi la yule kijana. Nilikuwa nimechelewa kwake zaidi ya mwaka mzima, lakini mkono wenyewe ulilichora. Nililia pale, sina aibu kusema. Wiki ya sita nikawa naamka kabla ya adhana.

Sasa mwili. Kapime presha wiki hii, kabla ya kuongea na mwenyekiti. Nilipotoka ile timu ya mechi tisa nilikuta 170 kwa 105, wakati ya kawaida iko chini ya 120 kwa 80, na sikuwa nasikia maumivu yoyote. Jock Stein, aliyeipa Celtic Kombe la Ulaya 1967, alianguka uwanjani Cardiff Septemba 1985, timu yake ya Scotland ikiwa imetoka tu kupata sare iliyoihitaji, akafariki palepale uwanjani. Alikuwa na miaka 62. Benchi linaua watu, na sisi tunapenda kulisema hilo kwa kucheka. Ukiambiwa unywe dawa, kunywa, na umwambie daktari wa timu. Ukiambiwa usikae benchi, basi mazungumzo yameisha na hakuna zoezi la daftari litakalobadilisha hilo.

Pesa nitaisema wazi. Kurudi kwa ajili ya pesa si dhambi. Watoto wanasoma, paa linavuja, na kocha wa nchi hii hana akiba kubwa. Tatizo ni kurudi kwa ajili ya pesa huku unajiambia ni mapenzi, kwa sababu hapo utasaini mkataba kama mpenzi, bila kusoma. Kama ni pesa, zungumza kama mtu wa pesa: kiasi gani, kinalipwa tarehe ngapi, nani anasaini, wakikuvunjia mkataba wanakulipa nini. Nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako. Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara iende kule, fungu la mwajiri na lako kwa pamoja, lakini mimi nilikuta miezi mingi imekatwa kwenye mshahara wangu na haionekani kule. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60, na wewe una 56. Ijue hesabu yako kabla hujaamua kama unahitaji timu au unahitaji kudai haki yako.

Nani wa kumuuliza? Si kijiwe. Mji wetu una njaa ya mpira. Pamba, bingwa wa nchi 1990, alikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 mpaka aliporejea 2024. Mbao walifika fainali ya Kombe la FA 2017, wakafungwa na Simba 2-1 kule Dodoma baada ya muda wa nyongeza, na miaka michache baadaye wakashuka daraja. Watu waliopitia hayo watakwambia urudi hata kama umelazwa wodini. Wanaitaka timu, na ni haki yao.

Muulize mkeo. Na usimuulize "unaonaje?" kwa sababu atakujibu unachotaka kusikia. Muulize amekuona ukoje hii miezi minane. Mimi nilipomuuliza wangu, aliacha kuchambua dagaa akafikiri kidogo. "Ukiwa na timu unakula umesimama," alisema. "Na ukiwa huna timu, unakula umekaa, ila huongei." Nilimwambia basi nifanye nini. Akasema, "Tafuta timu ambayo utarudi nayo nyumbani." Alex Ferguson alishatangaza kwamba angeondoka Manchester United mwisho wa msimu wa 2001/02, na timu ikayumba, wakamaliza wa tatu bila kombe. Mkewe na wanawe ndio waliomwambia abadili mawazo. Februari 2002 akatengua uamuzi, na akakaa miaka 11 zaidi. Na alipoondoka kweli 2013, mkewe alikuwa amefiwa na dada yake, akaona sasa ni zamu ya kuwa naye.

Ukiona unarudi, rudi na tarehe ya kutoka. Jupp Heynckes alikuwa amepumzika tangu alipoipa Bayern makombe matatu 2013. Oktoba 2017 wakamwita tena akiwa na miaka 72. Alikubali mpaka mwisho wa msimu tu, akachukua ubingwa, wakamtaka abaki, akaenda zake. Mimi niliporudi mara ya pili niliandikiwa msimu mmoja, timu ya hapahapa kanda ya ziwa, na kipengele kwamba safari za mbali kabisa naweza kumwachia msaidizi kuongoza benchi. Toka Mwanza mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na mgongo wangu unazijua zote. Viongozi walikunja uso kwa kipengele hicho. Nikawaambia bila hicho siji, na nilikuwa namaanisha, kwa sababu safari hii nilikuwa na uwezo wa kubaki nyumbani bila kuumia.

Nimebakiza mechi saba. Juzi baada ya mazoezi nilibaki na mabeki wawili mpaka jua likazama upande wa Kamanga.

Sasa wewe. Leo ni Jumamosi. Mwenyekiti anataka jibu Jumatatu. Mpigie kwa heshima, mwambie utamjibu Jumatano. Anayekutaka kweli atasubiri siku mbili. Jumanne asubuhi amka mapema, nenda uwanja wa Karume au popote utakapokuta timu yoyote ya Musoma inafanya mazoezi, hata ya watoto. Kaa nyuma ya goli, simu uiache nyumbani. Jioni nipigie, unieleze ulichokiona.