Uliza Fundi: Sitaha Inabonyea, Niifunike au Niipasue?

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya futi 26, napakia abiria kati ya Mokowe na Amu. Huku omo, karibu na pale tunapofungia kamba, sitaha inabonyea nikikanyaga. Fundi mmoja kaniambia nigongomee plaiwudi juu, nipake resini ya poliesta (ile gundi ya faiba), nimwage mchanga wa Shela abiria wasiteleze, kazi iishe. Mwengine anataka resini ya epoksi, na bei aliyonitajia imenikalisha chini. Mimi nataka pia nimalizie kwa jelikoti, ile ngozi ya nje yenye rangi, ing'ae kama mpya. Nifuate lipi? (Nahodha, Langoni)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huyo wa kwanza simcheki, maana alilokwambia nimewahi kulifanya. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye majahazi ya mbao ya Matondoni na kuingia kwenye faiba, nikajiona najua. Nikafunika sitaha iliyolowa, nikapaka rangi, nikalipwa. Mwaka haukwisha ikatumuka kama kitumbua na mwenye boti akaja kunisalimia asubuhi na mapema. Maji nilikuwa nimeyafungia ndani mimi mwenyewe.

Sitaha yako ni ngozi mbili za faiba, na katikati umo moyo: balsa, plaiwudi au povu gumu. Maji yameingia kwa matundu ya bolti za hicho kifungio cha kamba, moyo ukaoza. Chukua mpini wa bisibisi ugonge pole pole kutoka penye uzima. Penye uzima palia kavu, "ko ko". Palipooza sauti inazama. Piga mstari wa chaki, kisha toboa vitundu vichache kando yake. Unga ukitoka mweusi au umeloa, sogeza chaki mbele. Usishangae kidoa cha sahani kikawa cha sinia.

Kata ngozi ya juu, komba uozo wote, uache pakauke. Hapa ndipo watu wanaposhindwa na subira. Tandika turubai kwa juu, pembeni acha wazi upepo upite, na uhesabu siku, si saa. Ungeniuliza mapema ningekwambia ungoje Kaskazi. Mvua za Kusi si wakati wa kupasua sitaha.

Moyo mpya, hapo penye bolti, weka plaiwudi ya baharini, kwa sababu povu jepesi husagika bolti ikikazwa. Ikate vipande vya mraba, uache nafasi kati yake ijae epoksi, ili siku maji yakiingia kimoja yasihamie cha pili. Na usiamini mhuri wa dukani. Omba kipande, kakichemshe kwenye sufuria. Kikiachana, kirudishe.

Sasa bei. Faiba yako ya zamani imeshakauka, haichanganyiki tena na resini mpya. Kinachoshikilia hapo ni gundi tu, na kwa gundi epoksi inaishinda poliesta, hasa juu ya mbao. Lipa. Utapunguza gharama kwa kutofanya kazi mara mbili. Ila epoksi itumie na kitambaa cha kusuka. Ule mkeka wa nyuzi fupi, aina nyingi hushikwa na gundi inayoyeyuka kwenye poliesta; kwenye epoksi unabaki mkavu na mgumu kulala. Kingo za ngozi ya zamani zichonge mteremko mara kumi na mbili ya unene wake: ngozi ya milimita 3, mteremko wa milimita 36. Na futa mafuta kabla ya kupiga msasa, ama sivyo msasa utayasugulia ndani.

Hadina ya epoksi, ile dawa ya kuigandisha, ni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, hata tone usizidishe. Si poliesta hii, ambayo ukiongeza kidogo inawahi kukauka. Nunua ile ya taratibu, koroga kidogo kidogo kwenye trei pana. Niliwahi kukoroga ndoo nzima saa sita mchana, ikafuka moshi mkononi. Anza kupaka baada ya Asri, joto likishuka: mbao zikipoa huivuta resini, zikipata joto hutoa hewa na kukujazia mapovu. Ikishakauka ioshe kwa maji na sponji kutoa ule utelezi wa juu, ndipo upige msasa.

Matundu ya bolti yatoboe mapana, yajaze epoksi nzito, kisha utoboe upya katikati yake. Bolti isiguse mbao tena.

Jelikoti sahau. Juu ya epoksi mara nyingi haikauki vizuri, inabaki inanata. Epoksi nayo haiwezi kuachwa uchi, jua litaila. Paka rangi ya poliyurethini ya mikebe miwili, kwa rola au brashi. Usiipulizie, mvuke wake ni sumu ya mapafu. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Najua vijana wanapenda buluu iliyokoza, lakini huunguza nyayo, na epoksi nyingi hulegea joto likipita kama nyuzi 50.

Mchanga wa Shela uache Shela, una chumvi na vipande vya kombe. Tafuta mchanga safi wa kuchekecha, mwembamba, umwage rangi ikiwa mbichi, ikikauka ufagie uliolegea, kisha upake mkono mwengine juu. Usiwe mkali: kina mama wanaopanda na vikapu pale gatini wakipiga goti watakulaani. Pembeni mwa kifungio acha ukanda laini, utauosha kwa urahisi.

Swali: Babu alikuwa akipaka jahazi sifa, yale mafuta ya samaki. Je, boti ya faiba nayo niipake? (Kijana, Matondoni)

Jibu: La. Mbao hunywa, faiba hainywi. Utapata harufu na utelezi, na siku ukitaka kuipaka rangi hakuna fundi atakayekushukuru.